Betri ya Volti Tisa

Niliingia dukani kwa Elinisafi, kule Mbuyuni,
laki mbili mfukoni, macho kwenye amplifaya.
Hakuniuliza wati ngapi.
Aliuliza, "Mtungi wa gesi unalala wapi?"

Nikasema chumba ni kimoja, uko miguuni pa mtoto.
Akaizima redio.

"Gesi haipai, dada. Inatambaa, inajificha chini ya vitanda.
King'ora chake kifunge chini, usawa wa goti.
Cha moshi ndicho cha kubandika darini."
Nikacheka: cha moshi, mjini Moshi,
si kitalia tangu Majengo hadi Soweto?
Akatabasamu kwa heshima ya mteja;
utani huo, nadhani, huusikia kila Jumatatu.

Halafu mambo ya muziki:
"Usinunue namba za kwenye boksi. Inyanyue.
Nyepesi kama mkate? Irudishe.
Na umeme ukikatika, chomoa waya,
usingoje urudi na hasira zake."

Nikatoka na ving'ora viwili
na spika moja, ndogo, nzito kama tofali.
Amplifaya ilibaki ikinitazama kwa taa yake nyekundu.

Usiku, juu ya stuli, ndipo nikagundua:
king'ora cha moshi kinataka betri ya volti tisa,
ile ile ya gitaa langu.

Nikaichomoa gitaani.
Nikabonyeza kitufe; kikapiga yowe,
Aikaruwa akaruka kitandani: "Mama, umeupata wimbo?"

Bado, mwanangu. Nimepata noti moja.
Lala.