Herufi Mbili za Mwisho

Kilindi ni maji marefu.
Hilo hata mtoto wa Mtongwe analijua
kabla hajajua kufunga kamba za viatu.
Lakini Mwadziwe, mlinzi wa geti,
aliapa mbele yangu kwamba jina limetokana na kulinda,
akajipigapiga beji kifuani kuwa ushahidi.
Sikumbishia. Alikuwa wa zamu ya usiku,
na mtu wa zamu ya usiku aachiwe maana yake.

Mimi karani. Mwaka wa kumi na nane huu
naliandika jina hili kwenye stakabadhi,
kwenye hati za mchele, mitumba, mabomba ya choo,
magari ya Japani yaliyopakwa nta,
hadi mkono ukawa unaliandika wenyewe
huku mimi nikiwaza bei ya nyanya.
Neno likitumika sana hugeuka kizingiti:
kila mtu analivuka, hakuna anayeliangalia.

Bibi yangu Mwanakhadi hakulitumia hivyo.
Kwake Kilindini si bandari, ni watu.
"Siswi Wakilindini," husema akikuna nazi
Kibokoni, upande wa pili kabisa wa kisiwa.
Namuuliza, basi mji wetu u wapi?
Ananyosha kifuu kuelekea ukuta wa jiko.
"Kule. Tuligura, jina tukalitia pakachani."
Nyuma ya ukuta ule palikuwa na choo cha jirani.

Barabara nayo ilikuwa na jina hilo,
ile ya pembe za ndovu. Ikapewa jingine,
vibao vikang'olewa. Ila Shambi fundi cherehani
bado huwaambia wateja, "Niko Barabara ya Kilindini,"
na wateja wanafika, na suruali zao wanazipata.

Juzi nimeletewa mwanagenzi, Nafula, msichana wa Webuye,
mwandiko wake kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.
Akaandika kwenye daftari la matukio:
*Kontena moja limeanguka ndani ya Kilindini.*
Nikachukua kalamu nyekundu.
Nikamweleza: herufi hizo mbili za mwisho, -ni,
ndizo mlango. Ukishasema Kilindini umeshaingia.
"Ndani ya" ya nini tena? Ni kuvaa kofia juu ya kofia.
Nikamfundisha na upatanisho, kama nilivyofundishwa:
Kilindini pana gati, yaani pa kunyoshea kidole.
Kilindini kuna kazi, yaani huko huko, ukibahatika.
Kilindini mna

Hapo nikakwama.

Baba alikuwa mtia bildi kwenye boti ya kupimia.
Aliteremsha risasi, akahesabu kamba kwa pima,
na pima moja ni mikono miwili iliyotandazwa,
kama mtu anayekaribisha,
au anayezuia.
Siku moja ya Machi kamba ilirudi.
Boti ilirudi.
Tukaletewa viatu vyake, vikavu.
Nahodha aliandika sentensi moja, sikupata kuiona.
Nilikuwa na umri wa kuambiwa baba yuko kazini,
na hawakunidanganya sana:
kazini, Kilindini, herufi zilezile mbili.

Nafula alikuwa akingoja, kalamu mdomoni.
"Mna nini, Bi Riziki?"
Mna maji, nikasema. Mna tope.
Mna kontena lako lenye friji arobaini.
Nilitaka kumwambia pia juu ya ki- ya mwanzo,
ki- ya kijiko, ya kitoto,
huenda aliyelipa shimo lile jina
alitaka kulibembeleza.
Sikusema. Winchi ilikuwa imeanza kupiga king'ora.

"Basi nifute 'ndani ya'?"

Nikairudishia kalamu nyekundu kifuniko chake.
Acha, nikamwambia. Andika saa.
Akaandika: saa tisa na dakika ishirini mchana,
gati namba kumi na moja, bahari shwari.