Mashine Iliyosoma Jamvi

Limbani, Wete. Chumba cha juu, chini duka la misumari.
Saa ya arobaini na tano tangu tuanze:
Salhina na kompyuta yake iliyong'oka herufi M,
Kombo na bando la kukopa,
mie na picha elfu moja mia moja na arobaini
za karafuu.

Mashindano yenyewe yako hewani.
Wenzetu wako Dhaka, wako Recife,
tunawajua kwa majina na vidole gumba.
Sharti la majaji: jenga kitu kwa akili mnemba
kimfae mtu unayemjua kwa jina.

Jina letu ni Mize Faki wa Mtambwe.
Daraja la mzigo wake analijua kabla ya gunia kufungwa,
ila hana karatasi ya kumbishia mtu wa mizani.
Picha alizipiga mwenyewe, kwa simu ya Kombo, wiki nzima.
Kisha akaja kukaa nasi, akizitaja moja moja:
"Nzuri. Nzuri. Hii mpeta, ilinyeshewa.
Hii ina makonyo, itoe mbele yangu."
Salhina akibonyeza: moja, moja, sifuri, sifuri.
Ujira, chai na mkate wa kumimina.

Saa tano usiku Kombo akaruka:
mwisho ni ishirini na tatu hamsini na tisa!
Tukaandika maelezo kama wanaokimbia mvua ya vuli.
Usahihi: asilimia tisini na saba.
Tukatuma. Tukapeana mikono kama wazee wa harusi.

Ndipo Salhina akasoma yale maandishi ya chungu:
saa za Grinichi.
Kwetu ni saa tisa kasoro dakika moja.
Tumezawadiwa saa tatu na hatuna la kuzifanyia.

Kombo akalala. Mie nikacheza.
Jamvi la Mize lilikuwa pale ukutani;
nikalitandaza, nikaweka ndara yangu juu yake, nikapiga picha.

*Daraja la kwanza. Asilimia tisini na nane.*

Tukacheka mpaka Kombo akaamka.
Nikaweka kijiko. Daraja la kwanza.
Nikaondoa kijiko, likabaki jamvi tupu.
Daraja la kwanza.

Hapo hakuna aliyecheka.

Nikampigia. Saa saba ya usiku.
"Nani kafa?"
"Hakuna, Bi Mize. Zile mbovu ulizipigia picha wapi?"
"Juu ya gunia. Ulitaka nilaze mpeta kwenye jamvi langu jipya?"
Akakata.

Basi ndiyo hiyo.
Siku mbili, usiku mbili, na mashine haijatazama karafuu hata moja.
Imesoma jamvi, imesoma gunia.
Tumeifundisha heshima za Mize, ikazishika zote.

"Tunyamaze," alisema Kombo.
"Majaji hawajui jamvi, hawajui karafuu."
Kweli, hawajui.
Tukuza ikalia mara mbili, umeme ukakatika,
feni ikajizungusha kwa mazoea, ikasimama.
Salhina hakumjibu. Alikuwa anatafuta sahani.

Sahani nyeupe ya bati, tochi ya simu,
mfuko wa mchanganyiko aliotuachia Mize.
Nzuri kwenye sahani. Mpeta kwenye sahani ile ile.
Picha tisini, jasho likidondokea skrini,
betri ikihesabu kurudi nyuma.
Tukafundisha upya.

Asilimia sitini na moja.

Salhina akafuta maelezo ya mwanzo, akaandika,
akinakili kila M kutoka pengine:
*Programu yetu ya jana ilitambua majamvi, kwa ustadi mkubwa.
Hii ya leo imeanza kutazama karafuu. Bado inakosea.*
Saa nane na dakika hamsini na mbili. Tukatuma.

Kombo akachukua punje moja sahanini, gizani,
akaitia mdomoni, akatafuna taratibu.
"Daraja la kwanza," akasema,
wala hakuuliza ilikuwa imelazwa juu ya nini.