Jibu kwa Bi Tatu wa Chini

Waniuliza, Bi Tatu, mlango nusu wazi,
leso umeibana kwapani, dari yako yavuja:
mtu gani Mombasa hii, kisiwa kilichozungukwa na maji,
hufuga samaki wa baharini ghorofa ya tatu?

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa na ndoo mkononi.

Yale madumu niliyopandisha ngazi Ijumaa
yalikuwa maji ya Nyali, ya alfajiri, ya bamvua,
kabla waogeleaji hawajafika na mafuta yao ya nazi.
Dereva wa tuktuk aliuliza kama ni dawa.
Nikamwambia ni dawa.

Chumba cha wageni hakina tena mgeni, nakiri.
Kitanda nilimpa shemeji. Palipokuwa na mto
pana matangi manne, nyaya, mipira,
na chupa za soda dirishani, maji yake kijani
kama mchuzi wa mchicha.
Kijani hicho huliwa na rotifa,
vijidudu ambavyo jicho huvikisia tu, vumbi kwenye jua,
na rotifa huliwa na watoto wa samaki
ambaye Kongowea hawamtafutii jina
kwa kuwa haliwi.

Rangi ya chungwa bivu, mistari mitatu myeupe,
kama mtu aliyefungwa bendeji mara tatu.
Mke ndiye mkubwa. Akipita,
mume hutetemeka mwili mzima, karani mbele ya bosi.
Na mke akifa, mume huyo huyo hugeuka mke,
nyumba ikaendelea.
Hili nilimweleza fundi wa stima.
Alishuka ngazi bila kumaliza kazi.

Walitaga juu ya kigae cha bafuni,
kile kilichobaki Mwaruwa alipokosea hesabu.
Mayai mia tatu, rangi ya zafarani.
Siku nane yule bwana alipepea kwa mapezi,
akaokota bovu kwa mdomo, akalitema, akarudi, akapepea.
Siku ya sita macho yakatokea ndani ya mayai,
macho ya fedha, mawili mawili.
Sijawahi kutazamwa na wengi hivyo
bila kudaiwa.

Uzao wa kwanza walikufa wote siku ya nne.
Niliwafyonza kwa mpira kutoka chini ya tangi,
weupe, laini, maganda ya kitunguu saumu.
Sikukwambia. Ungesema pole,
halafu ungeuliza kama wangefaa kukaangwa.

Uzao wa pili ndio ule usiku stima ilipopotea,
ulipotusikia tukitembea hadi adhana.
Mimi na Mwanatumu, zamu kwa zamu,
pampu ya baiskeli, pumzi ishirini, tulia,
pumzi ishirini.
Saa tisa alisinzia, mkono wake ukaendelea peke yake.
Hapo ndipo ndoo ilipopinduka.
Iliyokudondokea, Bi Tatu, ilikuwa bahari.
Ungeonja ungejua.

Asubuhi tulihesabu kwa tochi. Kumi na mmoja.

Wasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu.
Sawa. Lakini chungu yule
hakupima chumvi ya kifuu chake asubuhi na jioni,
hakukiamkia usiku kusikiliza kama bado kinapumua.

Leo ni siku ya kumi na mbili.
Mmoja amevaa mstari wake wa kwanza, nyuma ya jicho,
mwembamba, uzi wa kudarizia kofia.

Dari nitaipaka chokaa, nipe hadi mwisho wa mwezi.
Ila panda kwanza. Mlete na yule mjukuu wa maswali.
Vua viatu, sakafu ina maji.
Kioo usikigonge.
Kaa huku penye giza.
Yule mwenye uzi, yule pale, karibu na mpira...
hapana, amehama.
Ngoja.