Safu Isiyo na Jina

Mimi ndimi mweka hesabu wa chama cha kahawa,
miaka kumi na mmoja, kalamu ya wino wa buluu,
daftari la jalada gumu linalonuka moshi wa jikoni.
Kushoto: buni zilizoletwa, kilo na robo kilo.
Kulia: dawa, magunia, nauli ya lori hadi Mbale.
Chini, mistari miwili, na jumla.
Kila mwaka jumla ilikuwa sahihi.
Kila mwaka ilikuwa uongo.

Masika yale mvua ilinyesha siku tisa bila kupumua.
Usiku wa tisa mlima ulikohoa,
sina neno jingine,
na asubuhi shamba la Wandeba halikuwepo.
Lilikuwa bondeni, karibu na Manafwa,
migomba imesimama wima topeni
kama wageni walioshushwa kituo kisicho chao.
Yeye na wanawe walikuwa wamelala matangani kwa shemeji.
"Msiba umetuokoa na msiba," alisema,
asijue acheke au afanyeje.

Ndiye aliyefyeka kile kipande cha mpakani, mwaka wa karo.
Mbao zikaenda, binti akaenda sekondari.
Simlaumu. Niliandika mwenyewe:
mbao, mapato.
Hapakuwa na mahali pa kuandika mizizi.

Shamba letu, hatua mia mbili kando,
chini ya miti ambayo baba alikuwa mvivu mno kuikata,
lilibaki.

Siku ya tatu mama mkubwa Nambozo akaja na kikapu cha malewa,
machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi,
akakitua juu ya daftari langu.
"Andika," akasema.
"Niandike nini?"
"Andika nani kayalima haya.
Nani kayapalilia. Nani kayanywesha."
Nikaweka kalamu chini.
Tukayapika kwa karanga, tukala kimya,
na deni likaongezeka.

Usiku huo nilirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa,
nikitia alama ya penseli kwenye majina ya wanaopakana na msitu:
Mugide, Namono mjane, sisi.
Kilo zao hazikuyumba, hata mwaka ule wa ukame.
Nilikuwa nimedhani ni bidii.
Namono hana bidii, Mungu anisamehe.
Ana nyuki.
Wanatoka kwenye miti mikuu asubuhi, wanazunguka maua yake ya kahawa,
wanarudi jioni bila kudai posho,
wala hakuna aliyewahi kuwaalika kwenye mkutano mkuu.

Kisha akaja Kuloba, kijana wa misitu, na futikamba yake,
akapima vigogo usawa wa kifua kama fundi cherehani.
Akasema kuna watu mbali watakaolipia hewa
ambayo miti hii inaimeza.
Tulibishana hadi taa ikaisha mafuta.
Hewa ni ya nani? Na jirani asiye na mti, je?
Fedha zilikuja, zimechelewa, chache kuliko maneno:
mizinga arobaini, bomba moja kutoka chemchemi ya juu.
Lakini sasa wasichana hufika shule kabla ya kengele,
miguu mikavu,
na hilo nalo sikujua niliandike kushoto au kulia.

Kwa hiyo nimechora safu ya tatu.
Haina kichwa.
Mkaguzi wa wilaya aliinama, akaigusa kwa kidole:
"Hii nini?"
Nikamwambia, mshahara ambao hatujaulipa.
Akaandika kando: *irekebishwe*.
Sijairekebisha.

Jana Wandeba alipanda mteremko, kanzu imejaa tope,
amebeba miche thelathini ya mringaringa ndani ya sanduku la soda.
Hakusema anaipanda wapi. Sote tunapajua.
Nimeiandika kwenye safu ile, jina lake na idadi,
kwa penseli,
maana mche si mti bado.
Wino utasubiri.