Karanga Nzima

Kibaigwa, Jumamosi. Mahindi yamekwisha kupimwa,
makuli wamekung'uta vumbi la magunia
wakaja na mia tano zao mlangoni kwangu.
Leo hawaji kutazama tu, wanakuja kuhukumu.
Saa tano usiku, huko Dar, watatangaza nani kabeba tuzo,
na Kibaigwa haiwezi kukubali kutanguliwa.

Ndahani wa fuso kaanza kabla sijamrudishia chenji:
"Kassian Mbuya! Wakimpa mwingine, huo wizi.
Mlimwona kwenye *Deni la Msiba* alivyokula kofi la baba mkwe?
Hakupepesa!"
"Hakupepesa kwa kuwa hakupigwa," kadakia Sechelela wa mgahawa.
"Kofi lilipita hewani, mlio wakauchomeka baadaye.
Mimi na Tabu Lwena wangu. Yule analia mpaka makamasi.
Mrembo anayekubali makamasi yake yaonekane
mpeni tuzo, mpeni na leso."

Fundi Mghenyi, ambaye hakubali neno bila kulipima kwa futi,
kauliza: kulia ndiko kuigiza? Basi tuzo wapewe vitunguu.
Yeye anamtaka yule kijana mwuza magazeti, aliyecheka.
Kulia tumefundishwa wote, bure, nyumbani;
kucheka mbele ya kamera, ujira hujalipwa,
hiyo ndiyo kazi.

Likaletwa kopo la maziwa ya unga.
Punje nyeupe kwa Kassian, ya njano kwa Tabu.
Mghenyi katumbukiza kifungo cha shati.

Mimi hawakuniuliza. Mkata tiketi ni kama komeo:
hukumbukwa likikwama.
Lakini *Deni la Msiba* nimeisimamia mara kumi na moja,
mgongo kwenye bati, na ukweli ni kwamba siitazami tena.
Nasikiliza meno.
Watu sabini wakitafuna karanga gizani
ni kama manyunyu juu ya paa,
yale tunayoyaomba Novemba yakaja kutudanganya.
Kassian anapigwa kofi: wanatafuna.
Tabu analia: wanatafuna, wengine wanaongeza mwendo.
Ila kuna mahali, haifiki hata dakika,
mama mmoja anakunja shati la mwanawe aliyekufa.
Anakunja. Anakunjua. Anakunja tena,
kwa sababu mkono wa kushoto haujakaa sawa.
Hasemi kitu. Hakuandikiwa neno.
Na hapo, mara zote kumi na moja,
manyunyu yanakatika.

Niliwahi kuyasubiri majina ya mwisho,
yale yanayopanda wakati watu wanapapasa ndala zao.
Nikasoma mpaka chini: mleta maji, mwenye jenereta,
aliyeazimisha jeneza.
Yeye kaandikwa Mama wa 2.

Basi nikachukua harage moja jekundu, nikalidondosha koponi.
"Hili limeingiaje?" Ndahani kaliinua kwenye mwanga.
"Uchafu wa dukani," kasema Sechelela,
akalirusha nje, kwa kuku.

Taa zikazimwa, tukaitazama mara ya kumi na mbili.
Ilipotimu saa tano simu zikatamka jina
ambalo hakuna aliyelitaja, la sinema isiyofika huku.
Wakawatukana majaji kwa furaha kubwa
mpaka mwenye baa ya jirani akapunguza muziki asikie.
Mghenyi kadai kifungo chake.

Asubuhi nafagia kabla ya kengele ya kanisa.
Maganda, kama kawaida, debe zima.
Lakini chini ya benchi la tatu na la nne,
wanapokaa makuli, wenye mikono ya kubeba kilo mia,
nazikuta karanga nzima, moja hapa, mbili pale,
zilizoponyoka vidoleni
na hakuna aliyeinama kuziokota.

Nimezitia koponi.
Sijui anaishi wapi, nimpelekee.