Gramu Nne

Injini hii haijui maji.
Haina rediyeta, haina bomba la kuchemka;
hunywa upepo tu, na oili,
na mapezi ya silinda zake ni membamba
kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka.

Nimeitandaza juu ya meza ya kulia, hapa Backnang,
juu ya magazeti ya Desemba.
Mume wangu Gebhard anakula jikoni, kasimama.
Hasemi kitu. Ameshasema.

Mto Murr umeganda kingoni.
Eugen Pfleiderer amekuja na maikromita yake
ndani ya soksi ya sufi.
Anapima, anapuliza, anapima tena,
anaandika kwa penseli pembeni mwa gazeti:
ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu nzima.
Ya nne anairudia mara tatu,
kisha anavua miwani.

"Notburga," anasema, "hii imekwisha."

Basi, kuchagua.
Katalogi inauza sita kwa pamoja, moja haiuzi:
mpya, zinang'aa, kipenyo kimeongezwa,
nguvu za farasi thelathini zaidi,
na bei ambayo ingeipa nyumba hii paa jipya.
Kipya kinyemi, kingawa kidonda.
Nilikaa na picha ile hadi saa saba usiku
kama msichana na barua yake ya kwanza.

Lakini kasha la injini ni la magnesi,
jepesi, limepita miaka hamsini,
na bolti zake ndefu zilishang'oka siku moja
zikatoka na nyuzi zao mdomoni.
Farasi thelathini! Watalala wapi
katika zizi lenye kuta hizo?

Kamshafti kali: hapana.
Sikimbizani na mtu.
Bolti za konrodi: mpya, zote kumi na mbili.
Hapo Eugen hataki mjadala;
bolti iliyokwisha kunyooka, asema, haina toba.
Vikaza mnyororo: vipya. Nililipa nimefumba jicho moja.
Feni: ileile. Nimeisugua kwa mswaki
mpaka nikaiona namba iliyochapwa kiwandani
na, chini yake, mkwaruzo wa mtu nisiyemjua,
aliyewahi kuifungua kwa haraka.

Na silinda ya nne
ilitoka Graz, kwa Bwana Strohmaier,
ambaye anaiuza injini yake kipande kipande
tangu avunjike nyonga.
Ilifika imeviringishwa taulo la hoteli,
na pistoni yake ndani, na kikaratasi:
*Imenifikisha Trieste mara kumi na moja.*

Niliipima pistoni kwenye mizani ya unga,
ile ya biskuti za Krismasi.
Wenzake watano walikuwa wamekubaliana.
Mgeni alizidi gramu nne.

Gramu nne ni nini? Kipande cha sukari.
Lakini mara elfu sita kwa dakika
kipande cha sukari huwa nyundo.

Jioni tatu nilimkwangua kwa ndani,
pale pasipoonekana,
nikikwangua, nikipima, nikipuliza,
nikiuogopa mkono wangu usije ukanogewa.
Vumbi la alumini liliingia kwenye sketi,
kwenye chai, kwenye mikunjo ya vidole;
nilikwenda benki nikimetameta.

Usiku wa tatu mshale ulisimama.
Gebhard alitoka jikoni na sahani yake mkononi,
akainama juu ya mizani,
akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Sawa," akasema.
Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumapili.

Sasa imefungwa, imo garini, bado haijawashwa.
Tunangoja barabara zioshwe chumvi.
Gebhard amerudi kulia mezani.
Na katikati yetu, kwenye kisahani,
ipo nati moja ya shaba
ambayo si mimi, si Eugen,
hakuna anayekumbuka ilikotoka.