Mwaka wa Meno Yasiyo na Kinywa

Baba aliuliza kwa simu kutoka Gore,
mikono bado inanuka mafuta ya manyoya ya kondoo:
"Shahada ya heshima? Kwani zile nyingine
hutolewa kwa matusi?"
Nilicheka. Jibu sikuwa nalo.
Wenzangu walikuwa wameshavuka kwenda kliniki;
Rosalind kang'oa gego lake la kwanza,
kanitumia picha ya glavu yenye damu.
Mimi nilibaki Dunedin ile ile, ghorofa ya chini,
na mtungi wa meno mia moja na ishirini
yaliyotiwa namba, yakafutwa majina.

Kazi ilikuwa hii: kata kwa msumeno wa almasi,
sugua, zamisha kwenye asidi kali kama ndimu,
paka dawa, suuza, paka tena,
kisha, chini ya darubini, bonyeza ncha
uone gamba la jino limelegea kiasi gani.
Alama moja, ndogo kuliko chozi la sisimizi.
Alama kumi kwa kila jino.
Piga hesabu mwenyewe. Mimi niliipiga
Julai nzima, jalidi imeziba dirisha,
upepo wa kusini unagonga kioo kama mdai.

Dakta Gillespie si mtu wa maneno.
Kila Ijumaa alifungua daftari langu
na kalamu nyekundu kama fizi mbovu:
"Joto la maji? Saa ngapi? Alipima nani?"
Mali bila daftari huisha bila habari, sawa,
ila hakuna aliyeniambia
kwamba daftari nalo lina meno.

Arobaini na tatu ndilo lililonisimamisha.
Jino la mbele, la juu, rangi ya chai ya maziwa,
na kwenye makali yake kijipengo laini,
si cha kuvunjika, si cha kuoza.
Nikaligeuza kwenye taa.
Bibi yangu Euphemia alikuwa nacho hicho hicho:
miaka thelathini na tisa ya kukata uzi kwa meno,
akishona makoti ya shule,
mkasi uko pale pale mezani,
lakini mikono ni miwili tu.
Sikujua jino hili ni la nani. Kanuni za maadili
zinasema nisijue, na nisitafute.
Lakini humu alikaa mshonaji.
Uzi ulipita hapa, siku kwa siku,
ukajichimbia mfereji.

Nilizima msumeno, nikaketi.
Kisha nikaandika, kwa mwandiko wa kutulia:
"43: limelika kwa uzi. Limeondolewa."
Dakta akasoma. Kalamu ikasita.
"Sababu halali," akasema,
wala hakuniuliza ile nyingine.

Septemba, majibu.
Dawa niliyoipaka miezi sita haikufanya kitu.
Meno yaliyopakwa na yasiyopakwa
yamelegea sawasawa, kama mapacha.
Nililia chooni, bomba nimelifungulia.
Dakta alinisubiri nje ya mlango na vikombe viwili vya chai.
"Sifuri uliyoipima," akasema,
"si sawa na sifuri ya kukisia."
Jino la pembe si dawa ya pengo,
hilo lilijulikana zamani.
Sasa tumeongeza na hili, kurasa sitini na nne,
na jina langu juu yake.

Mwaka uliofuata nilivuka.
Mgonjwa wangu wa kwanza, Bwana Dalziel wa Oamaru,
alifumbua kinywa, na kile pale:
kijipengo, makali ya mbele, laini.
Nikaweka chini kioo. Moyo mbio.
"Ulikuwa ukishona?"
Akacheka mpaka kiti kikatikisika.
"Misumari, binti. Nilikuwa fundi wa mapaa.
Niliishikilia kwa meno."
Basi nimekosea tena.
Nikaomba kalamu,
nikaandika.